Miaka sita sijakosa zamu, sasa kibarua wangu amelazwa

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimejifunika shuka. Joto la mwili limefika nyuzi 38.6, na simu nimeitegesha iniamshe saa kumi alfajiri niende kazini. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Hata baada ya yote yaliyotokea, mkono umeenda wenyewe ukaitegesha.

Mimi ni mama wa miaka 41, msimamizi wa zamu kwenye ghala la kupokea, kufungasha na kusafirisha mizigo. Chini yangu wapo watu 22. Wameajiriwa 14, na wanane ni vibarua wanaolipwa kwa siku waliyofika. Nami nilianza chini kabisa, mfungashaji, nikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kilichonipandisha zaidi ya kitu kingine chochote ni mahudhurio. Miaka sita sijakosa zamu hata moja kwa ugonjwa. Kuugua nimeugua. Nimesimama pale na mafua, na jino, na tumbo la kuendesha, na safari moja na homa iliyonifanya nishikilie rafu nisianguke. Picha yangu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni, na chini yake pameandikwa: "Miaka 6 bila kukosa." Kila anayeingia anakutana nayo kabla ya saa ya ukutani.

Mwezi uliopita nilishikwa na mafua makali, yale ya mwili mzima kuuma. Nikameza dawa, nikaenda. Mzigo ulikuwa mwingi, na kijana mmoja kati ya vibarua, wa miaka 23, alikuwa anajifunza kwangu kazi ya lebo. Tulisimama bega kwa bega zamu nzima, tukipokezana skana moja. Siku ya tatu naye akaanza kukohoa.

Nilimwona alipokwenda nyuma ya rafu ya mwisho. Alitoa vidonge viwili mfukoni, akavitupia mdomoni, akapiga funda la maji, akafumba macho na kusimama hivyo kidogo kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Kisha akarudi kazini. Nami, Shangazi, nilifurahi. Jioni ile nilimtumia ujumbe. Bado ninao, naunakili kama ulivyo: "Nimekuona leo. Unaumwa na umekaza. Watu wa namna yako ndio huajiriwa. Endelea hivyo hivyo."

Akaendelea hivyo hivyo, siku nne. Siku ya nne nilipita nikakuta lebo zake zimekaa upande. Huyu ni kijana ambaye lebo zake hunyooka kama zimepigwa rula. Nilipozisoma, vifurushi 40 vilikuwa na anwani ya mteja mwingine. Nikamfokea mbele ya wenzake. Hakujibu neno. Alikuwa anapumua kwa mabega. Nusu saa baadaye alikaa chini, akashindwa kuinuka.

Hospitali wakasema ni nimonia. Amelazwa siku tisa, mbili za mwanzo akiwa kwenye oksijeni. Daktari anasema anaendelea vizuri, atatoka kesho kutwa, na akishapata nguvu arudi kazini. Siku zote hizo halipwi, maana kwetu kibarua asipofika hana chake.

Dada yake alinipigia simu kuniuliza kwa nini hatukumrudisha nyumbani mapema. Nikamjibu kwamba hakutuambia kama anaumwa. Niliusema uongo huo bila hata kusita, na tangu siku hiyo silali.

Naomba unisaidie mambo haya. Je, mimi ndiye niliyemwambukiza? Nimwambie nini akitoka? Kesho meneja ananitegemea kwa hesabu ya ghala ya mwisho wa mwezi, na nikibaki nyumbani, baada ya kijana kuumia, si watu watasema nimejihurumia mimi baada ya kutomhurumia yeye? Na hao vibarua wanane, nitawaambiaje wapumzike wakiumwa, wakati najua nyumba zao zinaendeshwa na siku hiyo hiyo ninayowaambia waiache?

Msimamizi wa Zamu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Zima kengele ya simu kwanza, ndipo urudi kusoma. Halafu mwandikie meneja usiku huu huu, usingoje alfajiri. Anayepata taarifa usiku ana muda wa kupanga mtu mwingine, anayeipata saa kumi na moja asubuhi hubaki na hasira tu. Maneno machache yanatosha: "Nina homa, sitafika kesho. Rafu zilizokwisha kuhesabiwa zimeandikwa kwenye daftari la zamu, na fulani anajua zilizobaki. Kesho jioni nitakujulisha hali yangu." Usimwage dalili zote kama mtu anayeomba aaminiwe. Usiahidi kurudi keshokutwa pia. Wagonjwa wengi hutaja siku ya kurudi kabla hata dawa haijatulia tumboni, na ahadi hiyo ndiyo inayowatoa kitandani kabla ya wakati.

Utarudi ukishakaa saa 24 bila homa, na bila dawa ya kushusha homa. Nakazia hilo la pili kwa sababu ndipo ulipojidanganya miaka yote sita. Parasetamoli hushusha joto na kupunguza maumivu. Virusi haivigusi. Ukishaimeza unajisikia mzima, unatembea, unaongea na watu karibu karibu, na unaambukiza vile vile kama kabla hujaimeza. Kama ni tumbo la kuharisha na kutapika, subiri saa 48 baada ya dalili kuisha, maana virusi vya aina hiyo huendelea kutoka mwilini hata mtu akishajiona amepona, na vichache mno vinatosha kumwangusha mwingine.

Niseme na hili la dawa, kwa sababu nina hakika kwenye droo ya meza yako zimejaa. Dawa nyingi za mafua zilizochanganywa zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza vidonge vya homa, anaongeza vya mafua, jioni anarudia vyote viwili, hajui kwamba amekunywa dawa moja mara mbili. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akizidisha, ini ndilo linaloharibika, na huharibika kimya kimya. Kuna nyingine zina klorofeniramini, ambayo huleta usingizi mzito kwa watu wengi. Aliyeimeza hapaswi kupanda mashine ya kunyanyulia mizigo. Ghalani kwako lihesabu jambo hili pamoja na kofia ngumu na viatu vya usalama. Mtu anayeendesha chuma cha tani kadhaa huku kope zinamwangukia ni hatari kwa yeyote anayepita chini ya rafu.

Sasa nije kwa kijana.

Unauliza kama ni wewe uliyemwambukiza. Homa ya mafua huchukua siku 1 hadi 4 tangu virusi viingie mpaka dalili zijitokeze. Mtu mzima huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajijua anaumwa, akaendelea siku 5 hadi 7 baada ya hapo, na siku 3 hivi za mwanzo ndizo kali kuliko zote. Mlisimama bega kwa bega, mkashika skana moja, akaanza kukohoa siku ya tatu. Hesabu inakubali kwamba ni wewe. Inakubali vile vile kwamba ni mtu aliyekaa naye kwenye gari asubuhi, au mtoto wa nyumbani kwao. Wewe huwezi kujua, yeye hawezi, na daktari wake hawezi. Acha kukesha ukiisaka njia ya virusi. Hata kama virusi vilitoka kwingine, ule ujumbe ulitoka kwako.

Nimeusoma mara tatu, mwanangu. Jiweke mahali pa aliyeupokea. Analipwa kwa siku, anatamani ajira, na anayeweza kumpendekeza ni wewe. Siku zote lebo zake zinanyooka hupati la kumwandikia. Siku aliyokwenda kujificha nyuma ya rafu kumeza vidonge, ndiyo siku uliyomwona. Baada ya hapo angebakije nyumbani? Kwake yeye, kubaki nyumbani kulikuwa sawa na kuikataa ile ajira uliyomwonesha kwa mbali. Tena nadhani uliandika kwa mapenzi. Ulimwona akifanya uliyoyafanya wewe, ukampa neno ambalo wewe mwenyewe ulilitamani ulipokuwa mfungashaji.

Nimonia mara nyingi huja kwa mlango huo huo. Mafua huchosha mapafu, bakteria wakapata pa kuingilia. Wakati mwingine mtu huonekana amepata nafuu, halafu homa inarudi kwa nguvu na kifua kinabana. Kule kupumua kwa mabega ulikokuona wakati unamfokea ni kupumua kwa mtu ambaye hewa haimtoshi, ndiyo maana shingo na mabega vinaitwa kusaidia. Ukimwona mwingine hivyo, au anayechanganyikiwa maneno, au ambaye midomo imebadilika rangi, usimwambie aende nyumbani akapumzike. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na asiende peke yake. Na yeyote kwenye zamu yako anayekohoa kupita wiki mbili apelekwe kupimwa kifua kikuu, hata kama anacheka na kunyanyua mizigo kama kawaida.

Vile vifurushi 40 navyo visiwe na jina la uzembe. Mtu mwenye homa kali ambaye hajalala vizuri siku nne hasomi anwani, macho yanapita juu yake tu. Lebo zake zilikuwa zinakwambia anaumwa kabla yeye hajaanguka, na wewe peke yako ghala zima ndiye ungeweza kulijua hilo, kwa sababu wewe ndiye unayejua zilivyokuwa zinanyooka. Naandika hili nikijua linauma. Naliandika kwa sababu jicho hilo ulilonalo ni mali, na kuanzia sasa nataka ulitumie hivyo: kazi ya mtu mzuri ikianza kwenda upande, muulize yukoje kabla hujamuuliza kwa nini.

Usidhani uko peke yako, wala kwamba ghala lenu lina watu wa ajabu. Huko Sweden, Gunnar Aronsson na wenzake walichapisha mwaka 2000 utafiti wa wafanyakazi 3,801. Theluthi moja yao walisema katika mwaka uliotangulia walikwenda kazini mara mbili au zaidi huku wenyewe wakiona kwamba kwa hali waliyokuwa nayo walipaswa kupumzika. Walioongoza ni wahudumu wa wagonjwa na wazee, na walimu. Watu ambao wakikosekana, pengo linaonekana usoni mwa mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilifundisha darasani miaka mingi kabla ya safu hii, na najua sauti ile inayokuambia kwamba watoto watakaa bila mtu. Ni sauti nzuri ya kibinadamu, na ndiyo maana ni vigumu kuikatalia.

Kuna utafiti mwingine ningependa uubebe moyoni kwa ajili yako wewe, si kwa ajili ya kijana. Wafanyakazi wa serikali jijini London wamefuatiliwa afya zao tangu mwaka 1985. Mwaka 2005 Mika Kivimäki na wenzake walitoa matokeo kuhusu wanaume kati yao ambao afya yao haikuwa nzuri. Wale ambao hawakuchukua hata siku moja ya ugonjwa kwa miaka 3 walipatwa na matatizo makubwa ya moyo mara 2 ya wenzao wenye afya kama yao waliopumzika kwa kiasi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kufika kazini ndiko kulikoleta matatizo hayo ya moyo. Lakini nikisoma habari ya mwanamke aliyeshikilia rafu asianguke, siwezi kuuweka kando. Ulipokuwa umeishika rafu ile, watu 22 walikuwa wanapita. Hakuna aliyekuja kukushika mkono akakuambia mama, kaa. Wakaipiga picha ile siku, wakaibandika mlangoni.

Hao watakaosema umejihurumia baada ya kutomhurumia kijana, waache waseme. Hali ya kijana haitakuwa bora kwa wewe kuhesabu rafu ukiwa na homa. Badala yake watu wote 22 wataona kwamba hata sasa, hata baada ya mmoja wao kulazwa siku tisa, msimamizi ameingia akikohoa. Utaratibu wa ugonjwa mnao kwenye makaratasi, sina shaka, na hakuna anayeusoma. Wanakusoma wewe. Siku yako ya kesho kitandani itawaambia kile ambacho vikao kumi visingeweza kuwaambia.

Kuhusu wale wanane wa kutwa, umeuliza swali zito kuliko yote, na sitakupa jibu jepesi. Kumwambia mtu apumzike wakati mapumziko yanamtoa chakula mdomoni ni maneno matupu, naye atakuitikia kwa heshima kisha afike kesho yake na vidonge mfukoni. Dunia inalijua hili zamani. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, na leo mwajiri huko humlipa mgonjwa mshahara kamili hadi wiki 6. Marekani, nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote, haina hata sasa sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri binafsi kumlipa mfanyakazi siku za ugonjwa. Sheria yao ya mwaka 1993 inatoa hadi wiki 12 za likizo, lakini bila malipo. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 102 wa mwaka 1952 unaoweka malipo ya ugonjwa yasiyopungua asilimia 45 ya kipato, na mwingine namba 130 wa mwaka 1969 uliopandisha hadi asilimia 60. Mikataba yote miwili inaruhusu siku 3 za mwanzo zisilipwe.

Zitazame siku hizo tatu. Ndizo hizo hizo ambazo mwenye homa ya mafua anaambukiza kwa nguvu zaidi. Yaani hata pale ambapo mgonjwa analindwa, siku ambazo tunamhitaji sana abaki nyumbani ndizo zinazoweza kumgharimu mfukoni. Sisemi haya ili ukaandikie serikali barua. Nasema ili uache kuwaona wale vijana kuwa wabishi. Wanapiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Ukitaka wabadilike, badilisha tarakimu.

Zipo ambazo ziko mikononi mwako. Wewe ndiye unayepanga nani aitwe zamu. Weka wazi, na usirudi nyuma, kwamba kibarua aliyetoa taarifa anaumwa hapotezi nafasi yake kwenye foleni ya kuitwa, na kwamba mzigo ukizidi yeye ndiye wa kwanza kuitwa akishapona, ili siku alizopoteza azifidie. Hilo halihitaji sahihi ya meneja. Kinachowatisha wengi wao zaidi ya siku moja iliyopotea ni kukuta nafasi imechukuliwa na mtu mpya. Ukiiondoa hofu hiyo, nusu yao watakuambia ukweli.

Mengine yanamhitaji meneja, na kwake nenda na vifurushi 40. Mpe hesabu yake: gari lililokwenda na kurudi, saa za kuvifungua na kuvibandika upya, mteja aliyepiga simu mara ngapi, na siku tisa za mtu aliyekwisha kufundishwa. Weka pembeni yake malipo ya siku tatu za kibarua mmoja mwenye mafua. Omba siku hizo tatu zilipwe, hata kama ni nusu, hata kama ni kwa majaribio ya miezi michache. Akikataa, omba nusu ya ulichoomba. Omba pia mtu asidaiwe karatasi ya daktari siku ya kwanza ya mafua. Sharti hilo humpeleka mgonjwa kupanga foleni kliniki akiwakoholea wengine kwa ugonjwa ambao daktari atamwambia anywe maji na alale, au humleta kazini akwepe usumbufu. Na bonasi ya mahudhurio, kama ipo kwenu, ni lazima iguswe. Kampuni inayolipa watu kwa kutokosa kamwe inawalipa kwa kuficha ugonjwa.

Halafu kuna jambo la kazi inayojulikana na mtu mmoja tu. Umesema meneja anakutegemea wewe kwa hesabu ya ghala. Anakutegemea kwa sababu hujamfundisha mwingine, na ninashuku, mwanangu, kwamba kidogo ulipenda iwe hivyo. Kutegemewa ni kutamu. Kila kazi kwenye zamu yako ijulikane na watu wawili kwa uchache, na daftari la makabidhiano liandikwe kila siku, si siku ya kuugua.

Uwe mwangalifu tu usigeuke ukawa unafukuza watu. Mwenye kisukari, mwenye mgongo unaouma siku zote, mwenye huzuni ya muda mrefu, hawa si wa kurudishwa nyumbani kila wanapokiri hali zao. Wengi wao kazi inawashika, inawapa mpangilio wa siku na watu wa kuzungumza nao. Kwao uliza faraghani, kwa sauti ya chini: leo unaweza nini? Kisha upange kazi kwa jibu hilo. Ugonjwa wa mtu usijadiliwe kwenye kikao cha zamu.

Kijana akitoka, usimpigie simu. Homa yako ikishakwisha na saa zako 24 zikapita, nenda. Mapafu yake hayahitaji virusi vingine. Mwambie mambo matatu kwa mdomo wako. Kwamba ule ujumbe haukuwa sahihi na unaufuta. Kwamba ulimfokea akiwa anakosa hewa, na unaomba radhi, na utaomba radhi hiyo tena mbele ya wale wale waliokusikia ukimfokea. Na kwamba ulimwambia dada yake uongo. Mweleze na dada mwenyewe kama yupo hapo, tena muanze yeye. Usiulize kama wamekusamehe, wala usilie sana mpaka mgonjwa aanze kukubembeleza. La uambukizo, sema unachokijua tu: nilikuwa na mafua, nilikuja, nilisimama karibu yako, sikupaswa. Akinyamaza, nyamaza naye.

Na asirudi kwenye lebo na kubeba siku ya kwanza. Mtu aliyetoka kwenye nimonia huchoka kwa wiki kadhaa hata kipimo kikionesha mapafu yamesafishika. Mpe kazi ya kukaa, zamu fupi, na uhakika kwamba siku atakayosema leo sijiwezi hutamkunjia uso. Jina lake la ajira lipeleke kwa meneja mwenyewe, ukitaja lebo zilizonyooka.

Ile picha ya mlangoni iombe ishushwe kabla hajarudi. Asiipite tena akiingia.

Shangazi